Kabla ya kununua kibodi, pima kiwiko cha atakayeicheza

Kila Desemba inapokaribia, mabasi na matatu zinazotoka Nairobi kupitia Narok na Bomet hadi Kisii hubeba mizigo ya kila aina: magodoro, televisheni, mifuko ya unga na, siku hizi, makasha marefu membamba yaliyo na kinanda cha umeme, ambacho wengi wetu hukiita kibodi. Huenda nawe, msomaji, umeahidi kumpelekea mtoto wa ndugu yako kule Mosocho, au wazee wa kanisa la nyumbani wamekuomba mchango wa kibodi ya kwaya. Ni zawadi njema. Lakini je, umejiuliza atakayeicheza ataketi kwenye kiti gani, na ataiweka juu ya meza ya urefu gani?

Aghalabu mnunuzi huuliza mambo matatu: bei, idadi ya milio, na kama mna ngoma ndani yake. Muuzaji naye hujibu kwa furaha kwamba ina milio mia kadhaa. Hakuna anayetaja mgongo, viganja wala masikio, ilhali hivyo ndivyo vitakavyoamua kama kibodi hiyo itakuwa inachezwa mwezi wa Juni au itakuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa.

Tuanze na vitufe. Katika piano ya kawaida, oktava moja, yaani kutoka do hadi do inayofuata, huchukua takriban sentimita 16 na nusu. Kibodi ndogo zinazouzwa karibu na wanasesere huwa na vitufe vyembamba kuliko hivyo. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano si vibaya, kwa kuwa mkono wake ni mdogo na haja yake ni kucheka. Lakini mtoto wa miaka tisa aliyezoea vitufe hivyo akipelekwa kwenye kibodi ya kanisa hujikuta anabahatisha, na vidole vinavyobahatisha hukakamaa. Kwa anayeanza kwa nia ya kujua, nunua yenye vitufe 61 vya ukubwa kamili. Hizo ni oktava tano, zinatosha kabisa kwa nyimbo za kwaya. Kibodi za aina hiyo huwa na uzito wa kilo 4 hivi, mtoto anaweza kusaidiwa kuibeba. Zile za vitufe 88 vizito kama vya piano mara nyingi hupita kilo 11, nazo hazifai kuhamishwa hamishwa kila Jumamosi au Jumapili kutoka nyumbani hadi kanisani.

Kisha jaribu jambo moja ukiwa bado dukani, hata kama ni Luthuli Avenue na nyuma yako pana watu wanasukumana. Bonyeza kitufe kimoja polepole, halafu kibonyeze kwa nguvu. Sauti imebadilika? Kama haikubadilika, mwombe muuzaji aangalie kama sehemu inayohisi nguvu ya kidole imezimwa. Kama haipo kabisa, tafuta nyingine. Sababu yake ni ya kiafya na ya kimuziki pia. Mwanafunzi anayetaka wimbo uvume hugonga zaidi. Kibodi isipomjibu, hugonga zaidi tena, na nguvu hiyo yote huishia kwenye mishipa ya vidole na ya mkono bila faida yoyote. Kwa maoni yangu, kifaa hicho kimoja kina thamani kuliko milio mia tano ya tarumbeta na ndege.

Sasa tuje kwenye meza, maana hapa ndipo wengi huumia. Meza ya kulia chakula huwa na kimo cha sentimita 75 hivi. Ukiweka juu yake kibodi yenye unene wa sentimita 8 au 9, vitufe vinapanda kupita sentimita 80. Vitufe vya piano huwa karibu sentimita 73 tu kutoka sakafuni. Tofauti ya sentimita kumi inaonekana ndogo mpaka umtazame mtoto aliyeketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza hiyo: mabega yamepanda yakagusa masikio, viwiko vimefunguka kama mbawa za kuku, na viganja vimekunjwa kwenda juu. Baada ya nusu saa shingo inauma. Wapo wanaokwepa hayo kwa kuiweka kibodi kwenye meza fupi ya sebuleni, ile ya vikombe vya chai. Huko nako mgongo hupinda kama upinde, na maumivu yanahamia kiunoni.

Dawa yake haiuzwi kwenye famasia. Mketishe mtoto kwenye kiti atakachotumia, mabega yake yalegee, mikono ikunjwe kwenye viwiko. Pima kutoka sakafuni hadi kiwiko. Toa unene wa kibodi. Kinachobaki ndicho kimo cha meza unayotakiwa kuwa nayo. Kama kiwiko kiko sentimita 64 na kibodi ina unene wa 8, mwambie seremala atengeneze meza ya sentimita 56. Mafundi wa mbao si haba Kisii, na meza kama hiyo haihitaji ufundi mwingi. Wale wenye uwezo watanunua stendi ya chuma inayopandishwa na kushushwa, jambo linalofaa zaidi ikiwa kibodi inachezwa na mtoto na mama yake kwa zamu. Miguu ya mtoto ikining'inia, weka chini yake kreti la soda au kipande cha gogo. Miguu isiyokanyaga chochote humfanya mtu ajishikilie kwa mgongo.

Wazee wa Gusii walilijua hili bila sentimita. Mpigaji obokano, ile zeze kubwa ya nyuzi nane yenye sauti nzito, huketi kwenye kigoda kifupi ili chombo kiegemee chini na mikono yake ifikie nyuzi bila kunyanyuka. Kigoda kilifuata chombo. Sisi tumeleta chombo kipya na kukilazimisha kifuate meza ya ugali.

Mikono yenyewe je? Kanuni ni kwamba sehemu ya mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni ikae kama daraja lililonyooka, bila kiganja kupinda juu, chini wala pembeni. Ndani ya kifundo cha mkono pana njia nyembamba inayopitisha kano za vidole pamoja na neva moja kubwa. Kiganja kikikaa kimepinda huku vidole vikifanya kazi, neva hiyo hubanwa. Dalili zake ni ganzi au kuwashwawashwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku. Anayechuma majani chai mchana kutwa au anayepiga chapa ofisini ameshaitumia mikono hiyo hiyo tangu asubuhi, hivyo asianze na saa nzima ya mazoezi jioni.

Tena asiamini kwamba maumivu ndiyo maendeleo. Mtunzi Mjerumani Robert Schumann alitaka kuwa mpiga piano mashuhuri, lakini mnamo 1832, akiwa na umri wa miaka 22, mkono wake wa kulia ulikuwa umeharibika. Katika jitihada zake alikuwa ametumia hata kifaa cha kufanyizia vidole mazoezi. Wataalamu bado wanabishana kuhusu chanzo hasa cha ugonjwa wake, ila ndoto ya kupiga piano jukwaani iliishia hapo.

Kwa mwanafunzi mpya, dakika 15 au 20 kila siku zinampeleka mbali kuliko saa tatu za Jumapili. Asubuhi za Kisii huwa na baridi, maana mji uko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Basi aoshe mikono kwa maji ya uvuguvugu kwanza. Kisha atafute vitufe viwili vyeusi vilivyo pamoja. Kitufe cheupe kilicho kushoto kwao ndicho C, ambacho wanakwaya waliolelewa kwa sol-fa wanaweza kukiita do. Kidole gumba kikae hapo, kihesabiwe namba moja, na vidole vingine vinne vifuate, kila kimoja na kitufe chake. Kwa vidole vitano hivyo acheze do, re, mi, fa, so, kupanda na kushuka, polepole, mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto peke yake. Wiki ya kwanza haihitaji zaidi. Kuunganisha mikono miwili mapema ndiko kunakomfanya mtu akakamae hadi meno.

Kuna pia ile swichi ya kuhamisha sauti, inayomwezesha mpigaji kucheza nyimbo zote kwa vitufe vile vile na mashine ikapandisha au kushusha yenyewe. Walimu wengi wa muziki huichukia. Mimi simlaumu kijana wa kwaya anayeitumia mchungaji anapoanzisha wimbo kwa sauti asiyoitarajia. Ila nyumbani aizime.

Masikio ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Zikiharibika, hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asisikilize kwa vifaa vyake sauti inayozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto liliweka kiwango cha chini zaidi, desibeli 75. Kuhusu mahali pa kazi, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa wafanyakazi inaruhusu desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, na hivyo hivyo mpaka desibeli 100, ambapo ruhusa ni dakika 15 tu.

Sasa fikiria kijana mpiga kibodi ambaye ameketi kando ya spika kubwa katika ibada ya saa tatu. Spika za ndani ya kibodi ya mwanafunzi ni dhaifu, mara nyingi wati 2 au 3 kila moja, na si rahisi zimdhuru. Inapounganishwa na amplifaya ya kanisa, habari inabadilika. Mkilazimika kupaza sauti ili msikizane na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, kelele imezidi. Kijana akirudi nyumbani masikio yakilia nziii, hilo ni onyo. Isogezeni spika ielekee waumini, mbali na kiti cha mpigaji. Kila umbali unapoongezeka maradufu mahali pa wazi, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Hata kamati ya kanisa isiyo na fedha inaweza kusogeza spika.

Nyumbani, hakikisha kibodi ina tundu la visikizi, ili mtoto afanye mazoezi bila kuwakera majirani. Lakini ukisimama karibu naye nawe ukasikia muziki ukivuja kutoka kwenye visikizi vyake, mpunguzie sauti.

Usisahau stima. Kibodi za mitumba kutoka Japani huja na adapta za volti 100, na za Marekani volti 120, ilhali soketi zetu zinatoa 240. Soma maandishi madogo mgongoni mwa adapta. Kama hayasemi 100 hadi 240, au 220 hadi 240, usiichomeke. Linganisha pia volti zinazokwenda kwenye kibodi na ule mchoro mdogo wa chanya na hasi. Adapta iliyofungwa fungwa kwa selotepu si ya kuwekwa mbele ya mtoto.

Halafu kuna radi. Nyanda za juu za Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara nyingi, na mvua yake hupenda kuja alasiri, saa ambayo mwanafunzi ametoka shule na kukaa kwenye kibodi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, aondoe plagi ukutani. Kuzima swichi ya kibodi hakutoshi, na avue visikizi. Kibodi nyingi za wanaoanza hutumia pia betri sita ndogo, basi chagua ya namna hiyo. Mazoezi yataendelea mvua ikinyesha na stima ikipotea.

Na kama anayeitamani kibodi si mtoto bali ni nyanya yake? Mpe nafasi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 31 wenye umri wa miaka 60 hadi 85. Waliofundishwa piano kwa miezi sita walifanya vizuri zaidi katika baadhi ya majaribio ya kumbukumbu ya muda mfupi na wepesi wa kufikiri kuliko wenzao ambao hawakufundishwa. Ni utafiti mdogo, wala piano si tiba ya usahaulifu. Mwenye baridi yabisi ya vidole acheze dakika tano tano, na apumzike siku viungo vinapovimba.

Uchovu wa kawaida huisha ukilala. Maumivu yanayorudi kila unapocheza, ganzi inayokuamsha usiku, au mlio wa masikio usiokoma baada ya siku mbili, hayo ni ya hospitali. Ukifika kwa mtaalamu wa fiziotherapia, usiishie kusema mkono unauma. Mwambie unacheza kibodi, kwa muda gani kila siku, na kimo cha meza yako. Ikiwezekana, ombeni mtu akupige picha kutoka ubavuni ukiwa umeketi unacheza, uende nayo.