Kiinua mgongo na mlima wa Upare: mstaafu ajenge wapi?

Ukishuka basi stendi ya Same saa saba mchana, milima iliyo nyuma ya mji isikudanganye. Huku chini ni vumbi, upepo na jua kali, na mvua yake ni ya kubahatisha. Lakini panda Noah ya kwenda Mbaga au Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, na jioni utatafuta koti. Ndipo Wapare wengi wanaostaafu Dar es Salaam, Tanga na Arusha wanapobaki njia panda: kujenga juu kwenye ubaridi, au chini kwenye lami?

Tuanze na mfuko. Bajeti ya 2024/25 ilipandisha malipo ya mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa watumishi ambao kabla ya mabadiliko ya kikokotoo ya 2022 walikuwa kwenye asilimia 50. Mwalimu aliyechangia miezi 420, akikokotolewa kwa wastani wa mshahara wa Sh milioni 1 kwa mwezi, anaondoka mfuko wa pensheni wa PSSSF na takriban Sh milioni 43.4 mkononi, na pensheni ya Sh 434,000 kila mwezi. Nyumba itatoka kwenye hizo milioni 43, maana pensheni ni ya chumvi na dawa.

Mlima unaanza kula hizo milioni kabla msingi haujachimbwa. Saruji, nondo na bati hununuliwa barabara kuu, Same au Mwanga, kisha inakuja hesabu ya Fuso. Masika yakianza, dereva anafika kwenye kona moja yenye utelezi, anazima gari na kushusha mzigo hapo hapo. Safari iliyobaki ni ya vichwa na mabega, na kila kichwa kina bei yake. Mfuko wa saruji ukifika kwenye kiwanja, umeshalipiwa mara mbili.

Ardhi nayo ina mambo yake. Juu, shamba ni la ukoo. Mpaka ni masale na kumbukumbu za wazee, na kaka mmoja asiyeridhika anatosha kusimamisha ujenzi. Chini kuna viwanja vilivyopimwa, na hati zake hata benki inazipokea.

Zamani kilichowakimbiza watu kutoka mjini Same kilikuwa uhaba wa maji. Milimani wana vijito, mifereji na ndiva zao za kuhifadhi maji ya kumwagilia. Mjini walikuwa na madumu. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, unaovuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza 2014 ukasuasua miaka mingi, hadi ukazinduliwa Machi 2025. Kwa soko la viwanja vya tambarare, hiyo ni habari kubwa kuliko tangazo lolote la dalali.

Inabaki afya, na hapa sina utani. Gonja wana hospitali ya Walutheri na mjini Same ipo ya wilaya, lakini ugonjwa mzito unakupeleka hospitali ya KCMC, Moshi, kilomita zipatazo 100 kutoka Same kwa lami. Kutoka milimani, kwanza uifikie hiyo lami. Mteremko wenyewe pia si wa kuchezea: Novemba 2009 udongo uliporomoka Goha, Mamba Miamba, ukaua watu zaidi ya 20.

Usangi, Upare ya Kaskazini, inanipa shaka kidogo na hoja yangu. Ina ubaridi, ina hospitali, na Mwanga haiko mbali. Mwenye nyumba iliyokwisha huko, ahamie tu.

Lakini anayeanza na milioni 43 ajenge chini, vyumba viwili vya kutosha, na shamba la juu abaki nalo kwa migomba, tangawizi na kupunga upepo. Na kama moyo bado uko mlimani, usiende kukagua kiwanja Desemba, wakati nyumba zote zimefunguliwa madirisha na kila jirani amekuja na gari. Nenda Aprili, kaa wiki mbili, kisha uliza ni nani angekupeleka hospitali usiku.