Simu, Laini na Mwito: Kuandaa Huduma za Simu katika Ruta ya Ofisi Ndogo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna huduma za simu za ofisi ndogo zinavyoandaliwa ndani ya ruta ya mtandao, pasipo kununua swichibodi ya pekee. Mfano unaotumiwa ni programu ya Cisco iitwayo Communications Manager Express, ambayo hukaa ndani ya ruta yenyewe. Hoja ya makala ni kwamba makosa mengi ya uandaaji hayatokani na ugumu wa amri, bali na neno moja, simu, ambalo katika Kiswahili hubeba dhana tatu ambazo ruta huzitenganisha. Makala yanapendekeza istilahi za kuzitofautisha, kisha yanazitumia kueleza huduma zenyewe na kuonyesha mahali ambapo kosa dogo laweza kuinyima ofisi msaada wa dharura au kuiletea ankara isiyo yake.

1.0 Neno moja, dhana tatu

Karani wa mapokezi akisema "simu imeharibika", anazungumzia kifaa kilichoko mezani. Akisema "simu ya mhasibu ni 204", anazungumzia nambari. Akiita kutoka dirishani, "Simu yako, kutoka benki!", anazungumzia mtu anayengoja kuzungumza. Neno ni lilelile na hakuna anayepotea, kwa kuwa muktadha hufanya kazi yake kimyakimya. Ruta haina muktadha. Anayeiandaa hulazimika kuiambia kuna vifaa gani, kuna nambari gani, na nambari ipi ikae katika kitufe kipi cha kifaa kipi. Kila agizo kuhusu huduma lina mahali pake pa kuandikwa. Likiandikwa kwingine, ama hukataliwa ama huleta matokeo ambayo hakuna aliyeyatarajia.

Kwa hiyo, katika makala haya, kifaa ni chombo cha mezani. Laini ni nambari pamoja na tabia zake. Na mwito ni tukio la mtu kumtafuta mwingine kupitia laini. Huenda msomaji akalipinga neno laini kwa sababu mitaani tayari ni jina la kadi inayotiwa katika simu ya mkononi. Mwandishi anaona hiyo ndiyo sababu ya kulikubali. Kila mtu anajua kwamba laini ikichomolewa na kutiwa katika simu nyingine, nambari huhama nayo, na waliozoea kukupigia hawatambui tofauti yoyote. Ndivyo ruta inavyoifikiria laini: kitu kinachoweza kupewa kifaa chochote, au hata vifaa viwili kwa wakati mmoja. Mwito nalo ni neno lenye sauti ya kikazi kidogo, lakini wingi wake una faida. "Simu tatu zinasubiri" huacha shaka kama ni vifaa au watu; "miito mitatu inasubiri" haiachi shaka.

2.0 Kifaa kuifikia ruta

Hatua hii ni fupi. Tuchukue ofisi ya watu kumi na wawili yenye ruta moja, swichi inayopeleka umeme kwenye vifaa kupitia waya uleule wa mtandao, na laini mbili za kawaida kutoka kwa kampuni ya simu. Kifaa kinapowashwa huomba anwani ya mtandao. Ruta hukipa anwani hiyo na, kupitia chaguo nambari 150, humwonyesha pia mahali pa kupakua faili la mipangilio yake. Jina la faili huanza na herufi SEP likifuatwa na anwani ya kudumu ya kifaa, ile yenye alama 12 iliyobandikwa mgongoni mwake. Ikiwa anwani hiyo ilinakiliwa visivyo, mathalani 8 ikasomwa kuwa B, kifaa kitakaa mezani kikijaribu kujisajili bila kupata laini yake. Aidha, sauti itengwe na data katika mtandao pepe wa pekee na ipewe kipaumbele, ili mtu anayepakua filamu asimkate mwenzake maneno.

3.0 Laini, vitufe na njia za laini

Kifaa huundwa kwa amri ephone na laini kwa amri ephone-dn. Kisha huunganishwa kwa amri ya kitufe: 1:4, yaani kitufe cha kwanza kibebe laini ya nne. Alama iliyo kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo yenye siri. Nukta pacha huamuru mlio wa kawaida. Herufi s huamuru laini iwepo bila kulia. Herufi m huonyesha tu kwa taa kama laini ya mwenzako inatumika. Katibu muhtasi aliyewekewa laini ya mkurugenzi kwa herufi m ataona kwamba mkubwa wake yumo katika mazungumzo, na hatahitaji kugonga mlango ili kujua.

Laini yaweza kuundwa ikiwa na njia moja au njia mbili. Yenye njia moja hubeba mwito mmoja tu. Yenye njia mbili hubeba mwito wa kwanza na kuacha nafasi kwa wa pili, na nafasi hiyo ndiyo inayomwezesha mtumiaji kumsubirisha mtu mmoja huku akizungumza na mwingine, kuhamisha mwito baada ya kushauriana, au kuunganisha mazungumzo ya watu watatu. Kwa ofisi yoyote inayohudumia wateja, njia mbili ni za lazima. Lakini zina mtego wake, nao utaonekana katika sehemu inayofuata.

4.0 Kuelekeza si kuhamisha

Waajiri wengi huomba jambo moja kwa maneno haya: "Nataka simu zihamishwe nikiwa sipo." Fundi husikia kuhamisha, huenda kwenye amri za kuhamisha, na hupotea. Kilichoombwa ni kuelekeza. Kuelekeza ni agizo linalowekwa kwenye laini kabla ya mwito kufika: mwito ukija na hali ikiwa hivi, nenda kule. Kuhamisha ni tendo la mtu ambaye ameshaupokea mwito na sasa anaupeleka kwa mwingine. La kwanza ni tabia ya laini. La pili ni haki anayopewa mtumiaji.

Katika kuelekeza, Kiswahili cha kila siku kinatuauni kuliko tunavyodhani. Mpigaji yeyote hutofautisha nambari inayotumika, nambari inayoita bila kupokewa, na nambari isiyopatikana. Ruta nayo hutofautisha hali hizohizo. Laini inayotumika ina agizo lake. Isiyopokewa ina agizo lake, linaloandamana na idadi ya sekunde za kusubiri; fundi asipoandika agizo hilo, mwito wa ndani waweza kulia hadi sekunde 180, ambao ni muda uliowekwa na programu yenyewe. Hali ya kutopatikana, yaani kifaa kuzimika au kutosajiliwa, ina agizo la pekee kwa vifaa vya itifaki ya SIP, na mahali umeme unapokatika mara kwa mara agizo hilo lisipuuzwe.

Mtego uliotajwa ni huu. Mhasibu ana laini ya njia mbili, na ameomba kwamba akiwa anazungumza, miito iende kwa msaidizi wake. Agizo limeandikwa sawasawa, lakini haliendi popote: mwito wa pili humlilia mhasibu sikioni huku akihesabu fedha na mteja. Sababu ni kwamba kwa ruta laini hii bado haijajaa, kwa kuwa njia ya pili ni tupu. Tiba ni amri huntstop channel, ambayo huizuia njia ya pili isipokee miito na kuiacha kwa matumizi ya mwenye laini: kuhamisha na kuunganisha mazungumzo.

Kuhamisha kuna namna mbili. Katika namna ya kwanza anayehamisha huzungumza kwanza na anayepelekewa. Katika ya pili huusukuma mwito na kukata. Mwandishi anapendelea ya kwanza, na si kwa sababu za kiufundi pekee. Katika ofisi zetu mgeni haingizwi kwa mwenyeji kabla mwenyeji hajaambiwa kuna mgeni, na mwito ni mgeni.

Kuegesha ni huduma inayofaa palipo na ghala au karakana. Mwito huwekwa kwenye nambari isiyo ya mtu, tuseme 301, kisha aliye ghalani huitwa kwa sauti, naye huuchukua kwa kitufe cha kuchukua na kupiga 301 kutoka kifaa chochote kilicho karibu. Muda wa kumkumbusha aliyeuegesha uwekwe, la sivyo mteja atasahauliwa humo. Kundi la kupokezana nalo, ambamo mwito hupita laini moja baada ya nyingine, halihitaji maelezo marefu: kama mpangilio ni wa kufuata orodha, wa kwanza katika orodha ndiye atakayechoka.

5.0 Kwenda nje: tarakimu zinazomezwa

Kanuni za kupiga nje huandikwa kwa ruwaza. Kwa desturi mtumiaji huanza na 9, na ruwaza 9T husema: 9 ikifuatwa na tarakimu zozote. Ruta inapopeleka mwito kwenye laini ya shaba, humeza zile tarakimu zilizoandikwa waziwazi katika ruwaza na kupeleka zilizobaki. Hilo ni jema kwa 9T, kwani 9 ni ya ndani tu na kampuni ya simu haiihitaji.

Sasa tuangalie 112, nambari ya dharura inayotumika Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Ofisi isiyoiandikia ruwaza haiwezi kuipiga moja kwa moja. Fundi mwangalifu huiandika: 112. Lakini tarakimu zote tatu zimeandikwa waziwazi, kwa hiyo zote tatu humezwa. Ruta hufungua laini ya nje, haipeleki chochote, na mtu aliye katika moto husikia mlio wa laini iliyo tupu. Hakuna ujumbe wa kosa, na taa zote ni za kijani. Ruwaza hiyo haina maana bila amri forward-digits all chini yake, inayoamuru tarakimu zote zipelekwe.

Kosa lingine la aina hii hufanywa mapema zaidi, siku ya kugawa nambari za ndani. Ofisi ikianza na 101 na kukua, ipo siku mtu atapewa 112, na anayeomba polisi atampata karani wa stoo. Nambari za ndani zianze na 2 au 3. Vilevile 999, ambayo hutumika Kenya na Uganda, ikiachwa chini ya 9T itapoteza 9 yake ya kwanza, na kampuni ya simu itapokea 99. Nayo yahitaji ruwaza yake.

6.0 Mlango wa nyuma

Mtumiaji akiweza kuelekeza laini yake kwenda nje, mtu wa nje naye aweza kuitumia ofisi kama daraja: anapiga nambari ya ofisi kwa bei ya mjini, mwito unaelekezwa ng'ambo, na ofisi inalipia safari ya pili. Programu hii kwa kawaida hukataa kuhamisha miito kwenda nambari za nje hadi fundi aandike ruwaza zinazoruhusiwa. Fundi mwenye haraka huandika ruwaza moja inayoruhusu kila kitu, na hapo ulinzi umekwisha. Kuelekeza huzuiwa kwa kuweka kikomo cha urefu wa nambari: kikomo cha tarakimu 3 huruhusu 204 na kukataa nambari yoyote ya nje. Tangu toleo la 15.1(2)T la mfumo wa IOS, ruta pia hukataa miito ya mtandao kutoka anwani zisizo katika orodha ya kuaminiwa. Wapo wanaoizima kinga hiyo kwa sababu iliwazuia siku ya kwanza. Lililo sawa ni kuongeza anwani moja ya mtoa huduma katika orodha. Ruwaza za ng'ambo zinaweza pia kufungwa kwa saa za usiku na siku za mapumziko.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye ankara. Mwito ulioingia kwa laini moja ya shaba na kuelekezwa nje kwa laini ya pili huzishika zote mbili. Kama kampuni ya simu haitoi ishara ya kukatika pale wazungumzaji wanapomaliza, ruta haijui kwamba wamemaliza, na ofisi yenye laini mbili yaweza kubaki imefungwa hadi mtu aanzishe ruta upya. Kabla ya kuruhusu mwelekeo wa aina hiyo, ishara hiyo ijaribiwe.

7.0 Kujaribu bila kusumbua

Nambari ya dharura haipigwi kwa majaribio. Kuna njia ya kuithibitisha bila kuwaamsha polisi. Fundi aandike ruwaza ya muda yenye tarakimu zote za simu yake ya mkononi, bila alama yoyote ya kujaziwa, kisha aipige kutoka kifaa cha mezani. Atasikia mlio wa laini tupu, kama ambavyo angeusikia mtu wa 112. Kisha aongeze forward-digits all na apige tena. Simu ikilia mfukoni mwake, aandike mpangilio uleule kwa 112 na 999, kwenye laini zote mbili, na afute ule wa muda. Mwisho, kifaa kimoja cha kawaida kiunganishwe moja kwa moja na laini ya shaba, nje ya ruta, na kibandikwe karatasi inayosema kwamba kwacho hapigwi 9 kwanza. Umeme ukikatika, ndicho pekee kitakachobaki kikifanya kazi.