Vali Iliyobana Hufunguliwa kwa Puto

Mjamzito wa Oldonyo Sambu akihema kwa kubeba dumu la maji, majirani husema ni mimba tu. Mara nyingi ni kweli. Lakini wapo ambao mimba huwafichulia ugonjwa wa miaka mingi: vali ya mitrali, upande wa kushoto wa moyo, imebana. Chanzo ni homa ya baridi yabisi ya utotoni, iliyotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, nayo yote sharti ipite kwenye mlango uleule. Ikikwama hurudi mapafuni. Mama hulala ameketi, anakohoa.

Vali nzima hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6. Ikishindwa kufikisha 1.5, hali ni mbaya. Zamani ilibidi kupasua kifua, nacho huchukua wiki kadhaa kupona. Mwaka 1984 Kanji Inoue wa Japani na wenzake walichapisha njia nyingine.

Mgonjwa huchomwa ganzi kwenye kinena. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa hadi chumba cha juu kulia cha moyo, daktari akiufuata kwenye skrini ya mtambo wa eksirei uitwao Cathlab. Sindano ndefu hutoboa ukuta kati ya vyumba viwili vya juu, kisha puto huingizwa mpaka katikati ya vali. Hujazwa maji yenye dawa inayoonekana kwa eksirei, kwa sekunde chache tu, maana likiwa limejaa huziba njia ya damu. Kingo zilizogandana huachana, na presha inayosukuma damu nyuma mapafuni hushuka papo hapo.

Tiba za tundu dogo kama hii hutolewa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka Oldonyo Sambu. Wataalamu wake pia huzunguka mikoani kupima watu, kwa mpango wa Tiba Mkoba. Mtambo husifiwa sana. Mimi naona kazi kubwa zaidi ni ya kipimo cha mapema cha eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Vali iliyokwisha kuwa ngumu kama jiwe, au inayovujisha damu nyingi, haifai kwa puto. Hapo kifua kitapasuliwa.

Na puto haliizuii homa ya baridi yabisi kurudi. Mgonjwa huendelea kudungwa penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Sindano hiyo inauma kwelikweli, na wapo wanaoikimbia.