Je, Wajua? Afrika Mashariki ya kesho ambako jasho hunywewa

Mashabiki wa filamu wa Bondeni, Nakuru, mnaobishania majoka ya tamthilia ya Game of Thrones, hadithi ya kubuni ya kwetu mnayo pia. Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa Pumzi, filamu fupi ya dakika 20 hivi. Ndani ya filamu hiyo, ni miaka 35 baada ya Vita vya Maji. Watu wanaishi ndani ya mji uliofungwa, na jasho na mkojo huchujwa na kunywewa tena. Asha, mfanyakazi wa makumbusho, anatoroka na mche kwenda kuupanda jangwani. Mwaka 2010 filamu hiyo ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani. Nakuru nayo ikapata kinyume cha uhaba huo wa maji: katika mwongo uliofuata Ziwa Nakuru lilifura hadi likameza lango kuu la mbuga yake.