Klachi na flaiwili: Kazi inayopuuzwa injini inapobadilishwa

INJINI ya gari inapochoka na vipuri vyake kuadimika, wamiliki wengi huamua kununua injini iliyotumika kutoka Japani badala ya kuifufua ile ya zamani. Katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, mnunuzi hupatana bei ya injini kwa makini sana. Lakini injini ya kampuni moja inapounganishwa na giaboksi ya kampuni nyingine, kinachowatoa mafundi jasho ni kile kiungo kilicho katikati: klachi na flaiwili.

Chukua mfano wa Land Rover Defender iliyotoka kiwandani na injini ya dizeli ya 300Tdi, ya lita 2.5. Mwenyewe anataka 1HZ ya Toyota, injini ya lita 4.2 na silinda sita, ambayo imesifika katika magari ya Land Cruiser yanayobeba watalii mbugani. Giaboksi inabaki ile ile ya Land Rover.

Hapo ndipo kisahani cha klachi hujikuta kikitumikia mabwana wawili. Ukingo wake wa nje hubanwa kati ya presha pleti na flaiwili, yaani lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya kranki. Tundu lake la katikati nalo lina meno yanayovaa shafti ya giaboksi. Kwa hivyo ukubwa wa nje sharti ufuate Toyota, na meno ya ndani yafuate Land Rover. Kisahani cha Toyota hakitaingia kwenye shafti, na cha Land Rover hakitalingana na flaiwili. Fundi aliyebobea hung'oa ribiti, akachukua kitovu cha kimoja na kukifunga katika mwili wa kingine.

Uwezo wa klachi hukadiriwa kwa hesabu nyepesi: nguvu ya springi, mara kiwango cha msuguano, mara nyuso mbili za kisahani, mara umbali wa wastani kutoka katikati. Springi ikibana kwa niutoni 5,000, msuguano ukiwa 0.3 na umbali huo sentimita 10, klachi itahimili msokoto wa niutoni-mita 300. Injini ya 1HZ hutoa takriban 285. Kwenye karatasi hesabu hiyo inatosha, ila haibakishi akiba. Mafuta kidogo yakivuja juu ya kisahani, au mwenyewe akiongeza turbo, klachi itaanza kuteleza. Dereva atayajua hayo akiwa na abiria anapopanda kutoka Mai Mahiu, injini ikinguruma ilhali gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua ikijaa ndani.

Wapo wanaotibu tatizo hilo kwa springi ngumu zaidi. Dawa hiyo huchosha mguu wa dereva na kuisukuma kranki kila pedali inapokanyagwa. Afadhali klachi yenye kipenyo kikubwa, mradi nafasi iwepo.

Suala la pili ni vipimo. Injini na giaboksi hizi huunganishwa kwa bamba la chuma. Bamba likiwa na unene wa milimita 20, giaboksi husogea nyuma kiasi hicho, na ncha ya shafti huenda isiifikie beringi yake ndogo iliyo katikati ya kranki. Aidha, shafti na kranki sharti ziwe katika mstari mmoja. Mafundi wengi hawakubali mpotoko unaozidi milimita 0.13, karibu unene wa karatasi ya kuandikia. Jicho haliwezi kuona hilo. Hupimwa kwa geji, na asiye na geji hana budi kuiazima.

Flaiwili yenyewe huhitaji tahadhari kubwa zaidi. Yenye kipenyo cha sentimita 30, ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ukingo wake huenda kwa kasi ya kilomita 226 kwa saa. Flaiwili ya chuma cha kusubu iliyokerezwa mno ili iwe nyepesi, au kutobolewa mashimo mapya ovyo, inaweza kupasuka, na vipande vyake huruka karibu na miguu ya dereva. Baada ya kukerezwa, ni lazima isawazishwe uzito pamoja na presha pleti yake. Meno ya ukingoni nayo yalingane na ya stata, la sivyo yatasagika.

Isitoshe, namba ya injini imo katika hati ya usajili wa gari. Mmiliki anatakiwa kupeleka gari likaguliwe na mabadiliko hayo yasajiliwe na mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, NTSA. Namba zisipolingana, gari linaweza kuzuiliwa, na ajali ikitokea, kampuni ya bima inaweza kupata sababu ya kukataa kulipa.