Herufi kwa Punje za Buni

Wazazi wenzetu, Mukurweini ya Nyeri ni nchi ya mibuni, na bahari iko mbali. Sisi watu wa pwani tunaolea huku hatutaki herufi za Qur'ani ziwafikie watoto wetu kwa fimbo. Yupo aliyekuwa akijificha kila aonapo juzuu.

Basi twatandaza mchanga mkavu katika sinia, naye mtoto wa miaka 4 huchora dau kwa kidole. Punje moja ya buni chini ya dau: be. Mbili juu: te. Tatu juu: the. Akikosea, mchanga hufutika. Vidole vinavyobana punje ndivyo vitakavyoshika kalamu.

Punje twazihesabu kabla na baada ya mchezo, na mdogo wake asiyefika miaka 3 twampa vifuniko vikubwa. Buni huishia puani.