Kinga kwenye changarawe: ng'ambo moja ya ziwa Kivu ni matembezi, ng'ambo ingine ni posho

Mapema asubuhi, chukudu zinashuka toka Kibumba kuelekea Goma zikiwa zimebeba kabichi, viazi na magunia ya makala. Mwendeshaji ameweka goti moja juu ya ubao, na mguu mwingine unasukuma. Chombo chenyewe ni cha mbao. Hakina mnyororo wala vitesi, na mara nyingi freni yake ni kipande cha mpira kinachokanyagiwa kwenye gurudumu la nyuma. Kwenye mteremko mzigo wenyewe ndio unaosukuma. Kwenye mlima, mtu anashuka na kusukuma kwa mikono.

Kilometa chache toka hapo, upande wa pili wa mpaka, kuna watu wengine wanaopanda milima ya namna hiyo kwa kinga, lakini kwa kupenda wenyewe. Wengine wamepanda ndege toka Ulaya au Marekani ili waje kutoa jasho kwenye barabara za udongo ambazo wakaaji wa Kivu wanazipita kwa kutafuta chakula. Njia wanayofuata inaitwa Congo Nile Trail. Ina urefu wa kilometa 227. Inaanza Rubavu, mji unaogusana na Goma, na inamalizika Rusizi, mji unaotazamana na Bukavu. Mwenye kutoka kaskazini anaiacha Goma mgongoni, na siku zote za safari ana Kongo kuume kwake, ng'ambo ya maji.

Mchezo uliozaliwa kwenye barabara za mashamba

Kinga za changarawe zinafanana kwa sura na zile za mbio za lami: usukani ni ule uliopinda kuelekea chini. Tofauti iko kwenye mipira. Ya lami ni myembamba na imejaa upepo mwingi. Ya changarawe ina upana wa milimita 35 hadi 50, na upepo wake ni kidogo, ili ilalie mawe badala ya kurukaruka juu yake. Kinga nyingi za namna hiyo hazina tena mpira wa ndani. Badala yake kuna maji mazito yanayoziba tundu lenyewe mwiba unapoingia. Vitesi vyake ni vyepesi kwa ajili ya milima, na freni zake ni za sahani, zinazoshika hata kwenye matope.

Mchezo huo ulipata nguvu katikati ya Marekani, kwenye barabara za wakulima. Mbio zinazojulikana kuliko zote zilianza mwaka 2006 huko Emporia, katika jimbo la Kansas, na leo zinaitwa Unbound Gravel. Mashindano yake makubwa yana urefu wa kilometa zaidi ya 320 katika vilima vya Flint Hills, ambapo mawe makali yanapasua mipira kama wembe. Mwaka 2022 shirikisho la kinga la dunia, UCI, lilianzisha ubingwa wa dunia wa changarawe, na mara ya kwanza ulifanyika Veneto, nchini Italia.

Afrika haikubaki nyuma. Kenya ina mbio za Migration Gravel Race katika eneo la Maasai Mara toka mwaka 2021. Nchini Rwanda kuna Race Around Rwanda, mzunguko wa kilometa karibu 1,000 unaochanganya lami na udongo. Mwezi wa 9 mwaka 2025, Kigali ilipokea ubingwa wa dunia wa kinga za barabarani, mara ya kwanza katika bara zima la Afrika.

Mgongo unaogawa maji

Jina la Congo Nile Trail linatokana na milima yenyewe. Juu ya ziwa, upande wa mashariki, kuna mgongo mrefu wa milima unaogawa maji. Tone la mvua likianguka upande wa mashariki, linaingia Nyabarongo, kisha Akagera, kisha ziwa Victoria, na mwisho linafika Misri kwa njia ya Nile. Likianguka upande wa magharibi, linashuka katika ziwa Kivu, linatoka Bukavu kwa mto Ruzizi, linaingia Tanganyika, linapita Lukuga mpaka Lualaba, na kutoka hapo linaufuata mto Kongo hadi bahari ya Atlantiki.

Mwendeshaji anaisikia hesabu hiyo katika miguu yake. Ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kila kijito kinachoshuka kimechimba bonde lake. Kwa hiyo njia haina mahali pa kupumzika: inashuka mpaka kwenye daraja, inapanda mpaka juu ya kilima, inashuka tena. Wengi wanaimaliza kwa siku tano kwa kinga. Kwa miguu inaweza kuchukua siku kumi.

Kwanza kuna mashamba ya majani ya chai ya Pfunda karibu na Rubavu. Kisha kahawa inatawala. Kule Kinunu kuna kituo cha kuoshea kahawa kando ya ziwa, na wakati wa mavuno meza ndefu zinajaa mbegu zinazokauka juani. Mbele yake kuna Karongi, iliyoitwa zamani Kibuye, karibu katikati ya safari. Upande huo kinaonekana kiwanda cha KivuWatt kinachotoa gesi ya metani chini ya ziwa na kuigeuza kuwa umeme. Baada ya Mugonero njia inaendelea kusini, mpaka Rusizi.

Kiangazi cha mwezi wa 6 hadi wa 8 ndicho wakati mwema. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unashika magurudumu mpaka yanakataa kuzunguka, na mwenye kinga ya bei kubwa anaibeba begani kama mkulima anavyobeba jembe.

Barabara kuu ya magari ya Rubavu, Karongi na Rusizi imekwisha kuwekwa lami, na kwa wakaaji hiyo ni baraka: mgonjwa anafika hospitali haraka, na mazao hayaozi njiani. Waendeshaji wa changarawe wanatafuta zile njia ndogo zilizobaki chini yake, karibu na maji.

Kinga iliyobeba kahawa

Uhusiano wa kinga na kahawa katika milima hiyo si mpya. Mwaka 2005 Tom Ritchey, Mmarekani mmojawapo wa watengenezaji wa kwanza wa kinga za milimani, alitembelea Rwanda na kuona watu wakibeba mizigo kwenye kinga za mbao, ndugu za chukudu. Toka hapo ikatengenezwa kinga yenye mgongo mrefu wa kubebea magunia ya kahawa, ili mkulima afikishe matunda kwenye kituo cha kuoshea kabla hayajaharibika. Mradi huo ukazaa pia timu ya mbio. Mmoja wa vijana wake, Adrien Niyonshuti, alishindana katika mbio za kinga za milimani kwenye michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012.

Upande wa Kongo kahawa ilikuwa na safari ya hatari zaidi. Kwa miaka mingi wakulima wa Kalehe, Idjwi na Minova walivusha magunia yao usiku kwa mitumbwi kwenda kuuza Rwanda, kwa kukosa barabara, viwanda vya kuoshea na wanunuzi wa karibu. Wengi walizama.

Milima ile ile, mvua ile ile

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kali ilibomoa milima ya magharibi ya Rwanda. Mto Sebeya ulifurika na kuingia katika nyumba za Rubavu, na zaidi ya watu 130 walikufa katika majimbo yaliyoguswa. Siku iliyofuata, tarehe 4 Mei, ikawa zamu ya Kalehe. Maji, mawe na miti vilishuka juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Barabara ya changarawe katika nchi ya namna hiyo ina uhai wake kwenye mitaro, madaraja na miti. Mtaro ukiziba, maji yanaigeuza barabara kuwa mto, na kilima kilichokatwa miti kinaanguka juu yake.

Ng'ambo ya Kongo

Barabara ya taifa namba 2, kati ya Goma na Bukavu, ina kila kitu ambacho waendeshaji wa kigeni wanakitafuta: Sake chini ya milima ya Masisi, Minova, miteremko ya Kalehe, visiwa vya ziwa, na baridi ya asubuhi. Kinachokosekana ni usalama. Mapigano yalipoikata barabara karibu na Sake mwanzoni mwa mwaka 2024, wakaaji wengi walikimbilia mashua. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo, mashua iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma ikionekana kwa macho. Makumi ya watu walikufa. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa mwaka 2025, waasi wa M23 waliiteka Goma, kisha Bukavu.

Ndiyo maana swali la njia za kinga si la watalii peke yao. Barabara ambayo mtu anaweza kuipita kwa kinga bila woga ni ile ambayo mama anaweza kuipita na kikapu mgongoni, mwanafunzi na daftari zake, mkulima na gunia lake la kahawa, pasipo kizuizi wala kodi ya mwenye bunduki. Njia yenye amani, mitaro safi na madaraja yaliyo wima inatosha kuanzia. Lami inaweza kufuata.

Mjini Goma kuna sanamu ya dhahabu ya chukudu katikati ya mzunguko wa barabara, kwa heshima ya wale wanaoulisha mji. Wao hawana kofia za kinga wala mipira ya upana wa milimita 50. Lakini siku barabara ya ng'ambo hii itakapofunguka, hakuna atakayehitaji kuwafundisha namna ya kushuka mlima wa mawe na mzigo wa kilo mia mbili bila kuanguka.